Uji Ndani ya Radiateri

Kijiwe chetu hakina benchi la mbao. Kina kiti cha nyuma cha minibasi iliyochomwa moto mwaka tisini na tano, kiti kirefu cha watu wanne, kimepandishwa juu ya matofali mbele ya garaje ya Massoudi, hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Springi moja imetoboa ngozi upande wa kulia, na anayechelewa kufika ndiye anayeikalia. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko hatua nne kutoka hapo, kwa hiyo nasikia yote, na wananiita Mkasi, eti kwa sababu nawakata watu maneno. Uongo mtupu. Mimi hunyamaza zaidi ya kusema, na siku ninayotaka kuisimulia nilinyamaza kupita kiasi. Ilikuwa Alhamisi, mwaka tisini na saba, ambargo, vikwazo vya nchi jirani, imetubana, saa saba na nusu mchana. Sijaona, muuza kahawa, alikuwa ameshamimina vikombe vya kwanza. Mbele yetu ilisimama gari ya Mwalimu Sylvère, iliyokuwa garajini tangu Jumatatu, boneti wazi, inatoa mvuke.

Sylvère anafundisha hesabu na anakaa Mutanga Sud. Mama yake alikuwa Kayanza, amelazwa kwenye dispensari ya parokia, nyonga imevunjika, wiki mbili sasa. Daktari wa kumpasua yuko Bujumbura. Basi hazikumtaka, kwa sababu hawezi kukaa, lazima alazwe, na kulala kwake ni nafasi ya abiria watatu. Kesho yake saa moja asubuhi konvoi, msafara wa magari unaolindwa na askari, ilikuwa inapanda, na Sylvère alikuwa ameshajiandikisha. Sheria ya konvoi kila mtu mjini anaijua: haimngojei mtu. Gari inayokufa katika milima ya Bugarama inaachwa huko huko na waliomo ndani. Na hii ya Sylvère, ya mwaka sabini na tisa, ilikuwa inachemka.

— Nimeipeleka Gihosha, akasema Massoudi, akifuta mikono.

Massoudi tunamwita Diplome, ingawa hiyo diploma hakuna aliyewahi kuiona. Gari haitoki kwake mpaka ipande kilima cha Gihosha. Ikifika juu, ni nzima. Ndivyo alivyofanya baba yake, na hataki kusikia njia nyingine.

— Ilifika? akauliza Sylvère.

— Ilifika nusu.

— Nusu ni nini, fundi?

— Nusu ni pale mushale wa joto uliingia ku rouge, ku nyekundu, mi nikageuza. Lakini kushuka, wallahi, ilishuka muzuri sana.

— Kushuka ata jiwe inashuka, akasema Mirindi.

Mirindi alivuka kutoka Uvira mwaka uliopita, vita vilipowafikia kule. Zamani aliendesha lori, sasa analinda garaje. Tunamwita Dokta, maana kwake kila gari ni mgonjwa. Aliegemea boneti, akaweka sikio karibu na mota, akafumba macho.

— Hii iko na homa ya milima, akasema. Mi niliiona sana kule Bukavu. Gari ikizoea chini, ku ziwa, ukiipandisha mbio damu yake inachemka. Inatakiwa ipande pole pole. Siku tatu.

— Siku tatu? Konvoi inapanda masaa matatu!

— Basi ile konvoi haina dokta.

Sylvère alikuwa na daftari dogo mkononi. Aliandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika "siku tatu", halafu akakata mstari. Mtu mwenye akili zake, mwenye cheti cha chuo kikuu, anaandika maneno ya Mirindi! Lakini mwenye shida husikiliza kila mlango unaofunguka.

— Muache mota, akasema Hamissi. Mota haina kosa. Kosa ni esansi.

Hamissi ni karani mstaafu wa bandari. Redio yake ndogo, iliyofungwa mpira ili betri zisidondoke, haitoki sikioni. Jina lake kijiweni ni Mawimbi.

— Esansi ya sasa inatoka ng'ambo mu mabidoni, Hamissi akaendelea. Njiani wanaichanganya na mafuta ya taa. Ile inawaka mara mbili. Kwa hiyo njo ambargo inachemusha hii gari. Wakubwa wakikutana, ambargo ikitoka, mutaona mushale unashuka yenyewe.

— Itatoka kesho asubuhi? akauliza Sylvère.

— Kesho apana. Lakini iko njiani.

— Na kile kidude cha kupima joto la maji? akauliza Sylvère. Mwarimu mwenzangu aliniambia gari ikichemka waangalie kile.

— Kalorstati? Massoudi akacheka. Ile niliitoa mwaka jana! Kalorstati ni ya inchi za baridi. Hapa Buja joto ni ya bure, ya nini kuwekea maji mulango?

— Na toka uitoe?

— Toka niitoe gari yako iko na uhuru.

— Uhuru wa kuchemka, akasema Sijaona, akimwongezea kahawa.

Massoudi hakupenda kuchekwa na mwanamke wa kahawa mbele ya mteja. Alikunywa, akakaa sawa, na nikajua sasa linakuja jambo zito.

— Mi nawaambia shida iko wapi. Shida ni ule mushale.

— Mushale?

— Dereva anaona rouge, anaogopa. Akiogopa anakanyaga vibaya. Akikanyaga vibaya mota inasikia. Mi nakata waya wa mushale. Mushale ukilala, dereva anatulia, na mota inatulia.

— Ata ku redio wanafanya vile, Hamissi akamuunga mkono. Hawasemi vita. Wanasema usalama umepunguka kidogo. Na watu wanalala.

— Wengine hawaamuki, akasema Sijaona.

Hapo kila mtu aliinamia kikombe chake. Mirindi ndiye aliyetutoa.

— Ao afungue shofaji, akasema. Ile ya kupasha joto ndani ya gari. Afungue yote. Joto ya mota itahamia ndani, kwa watu.

— Mama yangu mwenye mufupa umevunjika, nimulaze mu shofaji, juani?

— Joto ni nzuri kwa mufupa, Mwarimu.

Sylvère alifunga kalamu.

— Bandugu, mi nataka kusikia neno moja tu. Itafika Bugarama ao haitafika?

— Itafika, wallahi! akasema Massoudi.

— Itafika kabisa, akasema Mirindi.

— Inshallah itafika na itapita, akasema Hamissi.

Nami kutoka kwenye cherehani nikasema itafika. Hakuna aliyeniuliza.

Sijaona alikuwa akikusanya vikombe. Alipofika kwa Massoudi alisimama, mkono kiunoni.

— Fundi, na ule unga wangu utaurudisha lini?

— Unga gani?

— Wa muhogo. Jumatatu uliniomba, ukasema ni uji ya mutoto.

Tukamtazama Massoudi. Mtoto wake wa mwisho ana ndevu. Alijikuna shingo, akatazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamwita, hakuna.

— Nilitia ndani ya radiateri, akasema.

— Unga?

— Ilikuwa inatona chini. Dawa ya kuziba haiko mu mji muzima toka ambargo ianze. Unga wa muhogo ukikuta maji ya moto unakuwa bugali, unakamata tundu. Baba yangu alifanya vile miaka yote. Na ni vijiko viwili tu, Mwarimu! Viwili!

Kwa kweli hiyo ni dawa inayojulikana. Madereva wote wa Buyenzi wanaijua, na vijiko viwili havijawahi kuua gari. Lakini Mirindi alikuwa ameacha kuegemea boneti. Amesimama wima, kofia mkononi.

— Ulitia Jumatatu? akauliza taratibu.

— Jumatatu.

— Mi sikujua. Jumanne niliona tone chini, nikasema Massoudi amesahau. Nikavunja yai. Yai ikiiva ndani inaziba, kule kwetu wote tunafanya.

— Yai moja?

— Tatu.

— Mayai tatu, Dokta! Wakati huu wa njaa!

— Nilitaka ipone!

Hamissi alipunguza sauti ya redio. Hilo halifanyi hata kwa adhana, na adhana anaiheshimu.

— Basi niseme na mi, akasema. Jana nilitia tumbaku. Ya sigara nne. Inavimba ndani, inaziba.

— Nani alikwambia?

— Nilisikia zamani.

Walicheka, halafu kicheko kikaisha kwa sababu Sijaona alikuwa ananitazama mimi.

— Mkasi, na we umenyamaza sana.

Mimi huchora nguo kwa vipande vya sabuni, kama mafundi wote, na vile vinavyobaki vidogo naviweka kwenye kopo. Jana yake asubuhi, kabla hawajafika, niliona tone chini ya gari. Nikatia kopo lote ndani ya radiateri. Nilisema moyoni: mchana gari ikiwa kavu, nitawaambia ni nani aliyeiponya. Kila mmoja wetu aliwaza hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna aliyemwambia mwenzake.

— Kwa hiyo ndani kuko nini sasa? akauliza Sylvère.

Massoudi alichukua kitambaa, akafungua kifuniko cha radiateri taratibu, uso ameugeuza pembeni. Kilipumua. Kisha kikatoka kitu kizito, rangi ya maziwa na tumbaku, kinatoa povu, kinateremka juu ya bampa bila haraka. Harufu ilikuwa ya kimanda kilichopikwa na sabuni. Sijaona aliinama, akakigusa kwa kidole, akakisugua.

— Uji, akasema. Na umeungua.

Sylvère aliutazama ule uji, halafu akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anavyowatazama wanafunzi.

— Mama yangu mguu wake umefungwa na vipande vya mbao. Kila asubuhi anamuuliza padri kama nimefika. Na nyinyi muko hapa munapika.

Hakupaza sauti. Heri angetutukana, kwa sababu matusi huisha.

Tulifanya kazi, hilo nakiri. Massoudi aliingiza mpira wa maji kutoka chini ili uchafu utokee juu, Mirindi na Hamissi walibeba mabidoni kutoka bombani, mimi nilichana kanzu mpya ya mtu ili wapate vitambaa. Mabidoni tisa. Kwanza ulitoka uji, halafu vipande vya yai, halafu povu ambalo halikutaka kuisha, hilo langu. Saa kumi maji yalikuwa yakitoka safi. Massoudi aliwasha. Mshale ulipanda mpaka katikati ukakaa hapo. Tulingoja dakika kumi, ukakaa hapo hapo.

— Alhamdulillahi! Hamissi akampiga Sylvère bega. Si nilikwambia?

Halafu tukasikia: ta. Na baadaye kidogo: ta. Chini ya gari vumbi lilikuwa na alama nyeusi. Tundu la Jumatatu lilikuwa limefunguka, na sasa lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu tulikuwa tumelisugua. Matone yakawa mstari mwembamba.

Kuijaribu Gihosha tena haikuwezekana. Esansi iliyobaki ilikuwa ya kwenda Kayanza na kurudi, na nyingine haikupatikana kwa pesa wala kwa machozi. Mtu angedhani tutanyamaza hapo. Lakini tulikuwa tumechoka, tumelowa, kahawa ya pili ilikuwa imemiminwa, na kiti kilituita.

— Ni maji kidogo tu, akasema Massoudi. Anaongezea njiani.

— Konvoi haisimami, fundi, akasema Sylvère.

— Anaongezea bila kusimama! Mirindi akaruka kutoka kwenye springi. Tunaiwekea serumu!

— Nini?

— Serumu, kama hopitali. Bidoni juu ya karoseri, mupira unatoka ku bidoni, unaingia ku radiateri. Maji yanatoka chini, mengine yanaingia juu. Mugonjwa anafika hai.

— Ayiweee, akasema Hamissi. Ile ni akili.

Na kweli waliifunga. Bidoni ya lita ishirini juu ya paa kwa kamba ya katani, mpira unashuka kupitia dirisha la mbele, umewekewa kibomba kidogo cha kufungulia, halafu unatoka nje tena mpaka chini ya boneti. Mirindi alieleza kwamba anatakiwa mtu mmoja tu akae mbele, kibomba mkononi, afungue gari inapopanda na afunge inapopumzika. Maji yakiisha atoe kichwa dirishani, abadilishe bidoni. Massoudi akasema hiyo mashine ingeuzwa mpaka Kigali. Hamissi akasema mpaka Ulaya. Niliwaona wamefurahi, na mimi nilikuwa nimefurahi. Tulikuwa tumesahau mama wa watu.

Ndipo alipofika Caritas, mke wa Sylvère, godoro jembamba kichwani. Alikuwa ametembea kutoka Mutanga Sud ili aje kulitandika nyuma, mkwe wake alalie. Alisalimia kwa adabu, akalishusha godoro, akauzunguka ule mtambo mara moja.

— Hii ni nini?

— Serumu, mama Divin, akasema Mirindi, mkono kifuani. Kesho gari yenu inafika, hakuna maneno.

— Mumehakikisha?

— Itafika, wallahi, akasema Massoudi.

— Inshallah, akasema Hamissi.

Caritas alishika kile kibomba. Akakifungua, akakifunga.

— Na nani kati yenu anakaa hapa kukishika?

Hamissi aliongeza sauti ya redio. Massoudi alisema garaje haiwezi kubaki bila mtu. Mirindi alisema yeye hana karatasi, kwenye barrage ya kwanza tu, kizuizi cha askari, wangemshusha, na hilo ni kweli. Mimi nilisema nina sare za shule za kumaliza. Na hilo ni kweli vilevile, nilikuwa nazo kumi na mbili, zimelala pale mbele yangu na kila mtu anaziona. Nikainama nikajifanya natunga uzi. Niliona aibu, lakini sikusema nitakwenda.

— Sawa, akasema Caritas. Nitakishika mimi.

— Na watoto? akauliza Sylvère.

Caritas alifikiri kidogo tu. Halafu akageuka kwetu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayepanga mambo ya nyumbani.

— Wako watatu. Mukubwa ana miaka saba, mudogo bado hajatembea. Nitawaleta hapa saa kumi na mbili asubuhi na chakula chao. Gari ikifika, mangaribi tunakuja kuwachukua. Kama haikufika, nani kwenu anabaki nao?

Sijaona aliinamisha termosi juu ya kikombe cha Hamissi. Halikutoka hata tone. Hamissi alikishikilia kile kikombe hivyo hivyo, mkono umenyooka.

— Siulizi juu ya kesho tu, akasema Caritas. Nauliza ya kubaki nao.

Aliyejibu ni Massoudi, na alijibu akitazama viatu vyake.

— Kuko mutu anaweza kuiziba. Kuiziba kweli, na risasi ya kuyeyusha na moto. Anouar, kule Zone Industrielle. Iko na gazi ya kuchomea, ambargo yote haijamwishia. Hatusalimiani. Miaka mine sasa. Tuligombana juu ya ufunguo wa kumi na saba.

— Ufunguo wa mulango? akauliza Caritas.

— Wa boloti.

Sylvère alikaa chini, palepale kwenye godoro la mama yake. Massoudi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya gari, anang'oa mipira ya Mirindi, analegeza boloti, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kubadili mawazo. Alipoitoa radiateri akaiweka begani, maji yakimteremkia mgongoni.

— Ni kazi ya saa moja, ananichomea. Akikataa nitamwomba. Nitapiga magoti kama hivi. Kesho asubuhi itakuwa ndani ya gari.

— Ni mbali? akauliza Caritas.

— Kwa miguu, dakika ishirini.

— Na toka Jumatatu ulikuwa unangoja nini?

Massoudi aliisogeza radiateri begani, akaondoka. Sylvère akainuka akamfuata. Sisi tuliobaki tuliangalia chini, kila mmoja mahali pake, kwa sababu swali lile halikuwa la Massoudi peke yake. Anouar tulimjua wote. Siku ile ya ufunguo sote tulikuwepo, tumekaa kwenye kiti hiki, na mimi ndiye niliyewaamua wasipigane.